Dawa ya Magugu Isiyokufa Upesi Udongoni

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza jambo ambalo wakulima wengi huliona kwa macho wasitambue sababu yake. Mtu amevuna mahindi yake vizuri. Mvua za vuli zaanza, naye apanda maharage katika shamba lile lile. Mbegu zaota karibu zote, naye afurahi. Baada ya majuma mawili au matatu majani yaanza kugeuka manjano pembeni, kisha pembe zile zakauka kama zilizobabuliwa na moto, na miche yafa mstari kwa mstari. Jirani yake, aliyepanda mbegu ya debe lile lile siku ile ile, maharage yake yasitawi. Hapo maneno huanza. Wengine husema mbegu ni mbovu, wengine husema ni jua, na wengine husema maneno yasiyofaa kutajwa mbele ya jirani. Kumbe huenda sababu ni dawa ya magugu ambayo mtu huyo aliipulizia mwenyewe katika mahindi msimu uliopita, akadhani imekwisha kazi yake na kutoweka.

Neno lenyewe latudanganya kidogo. Tumezoea kuita “dawa” kitu cha kumponya mgonjwa, na mgonjwa akipona habari ya dawa imekwisha. Dawa ya magugu ni sumu ya mimea. Ikiisha kuua magugu haiondoki kwa kuwa kazi imekwisha. Huondoka pale inapovunjwa, au inapochukuliwa na maji, na mambo hayo yana muda wake.

Twalieleza jambo hili kwa mfano wa Chome, maana pale hatari yake yaonekana wazi kuliko mahali pengi. Chome iko juu katika milima ya Upare ya kusini, wilaya ya Same, karibu na msitu unaopanda mpaka kilele cha Shengena, ambacho kimo chake ni karibu meta 2,460 kutoka usawa wa bahari. Mashamba ya huko ni madogo, nayo yako katika miteremko. Mgeni akiuliza shamba hili ni la zao gani, atajibiwa kwamba ni la mahindi, na la maharage, na pembeni ni migomba na kahawa, na kule chini kwenye maji ni kabichi na nyanya. Mwenye shamba hana eka nyingine ya kulima ikiwa hii imeharibika. Maharage ndiyo kitoweo cha nyumba, na yakizidi huuzwa ili kupata ada na sare za watoto. Basi msimu mmoja wa maharage ukipotea, nyumba nzima huuona upungufu huo.

Sasa tufikiri: dawa hizi za magugu zilitengenezwa kwa ajili ya shamba la namna gani? Nyingi zilitengenezwa Ulaya na Marekani kwa mtu mwenye shamba kubwa la zao moja, ambaye akivuna mahindi mwaka huu huweza kupanda mahindi tena mwaka ujao. Kwa mtu huyo dawa ikikaa udongoni miezi mingi ni faida, kwa kuwa huzuia magugu kuota muda mrefu. Kwa mkulima wa Chome, apandaye maharage katikati ya mahindi au mara baada yake, faida ile ile yageuka hasara. Hatusemi haya kwa kuzidharau dawa hizo. Twajua kwa nini watu huzinunua. Vijana wengi wamekwenda mijini, vibarua wadai fedha, na kupalilia kwa jembe katika mteremko huvunja mgongo. Msaragambo nao, ambao zamani uliwakusanya watu wote katika kazi ya pamoja, hauwezi kupalilia kila shamba la kila mtu. Mtu akisema bomba moja la dawa humwondolea kazi ya siku nyingi, asema kweli. Neno letu ni hili tu, kwamba dawa za magugu si moja, na mtu asiyejua ile aliyo nayo ni ya namna gani hawezi kujua atapanda nini baada yake.

Tuzitazame tatu zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni glaifoseti. Ilianza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na sasa yauzwa kwa majina mengi. Hupuliziwa juu ya majani mabichi, ikashuka mpaka mizizini, na mmea wote ukafa. Ikianguka udongoni hushikamana mno na chembe za udongo hata mizizi ya mmea mwingine haiwezi kuichukua kwa kiasi cha kudhuru. Kwa hiyo mtu aweza kusafisha shamba kwa glaifoseti, akangoja siku zilizoandikwa katika karatasi yake, akapanda maharage bila madhara. Kwamba haidhuru zao lifuatalo si kusema kwamba haimdhuru mtu: mwaka 2015 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika fungu la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani, na wataalamu wangali wakibishana juu ya neno hilo. Mwenye kuipulizia na ajikinge.

Ya pili ni 2,4-D. Hii ni ya zamani zaidi. Iligunduliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikaanza kuuzwa mwaka 1945. Huua magugu yenye majani mapana na kuacha nyasi na nafaka. Maharage yana majani mapana, kwa hiyo upepo ukiyaletea hata matone machache, shina hupinda na majani hujikunja kama kucha. Lakini udongoni, penye unyevu na joto, vijidudu huila upesi, na baada ya majuma machache haibaki ya kutisha.

Ya tatu ndiyo yenye kisa chetu, nayo ni atrazini. Ilitengenezwa na kampuni ya Geigy ya Uswisi katika miaka ya 1950, nayo ni dawa ya shamba la mahindi. Hupuliziwa juu ya udongo wakati wa kupanda, au mahindi yakiwa bado machanga. Huyeyuka kidogo katika maji ya udongo, mizizi huyanywa maji hayo, na dawa hupanda mpaka katika majani. Huko huzuia kazi ile ambayo jani hufanya kwa nuru ya jua, ya kujitengenezea chakula. Jani lenye atrazini ni kama jiko lenye kuni ambalo moto wake hautoki vizuri: chakula hakiivi, na jiko lenyewe laungua. Mahindi hayafi kwa sababu yana uwezo wa kuivunja sumu hiyo ndani ya mwili wake kabla haijamdhuru. Mtama nao una uwezo huo, na muwa pia. Maharage hayana. Kabichi, nyanya, vitunguu na mboga nyingi hazina.

Ubaya ni kwamba dukani zote tatu huitwa “dawa ya magugu”. Mtu aliyezoea glaifoseti, na kwa miaka mitatu akapanda maharage baada yake bila taabu, siku moja hukosa ile aliyoizoea, akapewa nyingine. Aitumia kama alivyotumia ya kwanza. Aongozwa na mazoea yake, na mazoea yake ni ya dawa nyingine kabisa. Tena zipo chupa zenye mchanganyiko wa dawa mbili. Jina kubwa lililo juu ya chupa ni la biashara. Jina la dawa yenyewe liko chini kwa herufi ndogo, na hilo ndilo la kusoma. Mzee asiyeona vizuri na amwite mtoto wa shule amsomee.

Je, atrazini hukaa udongoni muda gani? Hapa pana hesabu, na wanafunzi watupe masikio. Dawa udongoni haiishi kama maji katika mtungi, ambayo kila siku hupungua kikombe kile kile. Hupungua kwa nusu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika udongo fulani wenye unyevu na joto nusu ya atrazini huvunjika kila siku 60. Mtu amepulizia gramu 1,000 katika hekta moja. Baada ya siku 60 zimebaki gramu 500. Baada ya siku 120 zimebaki 250, na baada ya siku 180 zimebaki 125. Mtu mwingine, kwa kutaka dawa ifanye kazi vizuri, amezidisha kipimo mara mbili, akapulizia gramu 2,000. Siku ile ya 180 yeye ana gramu 250, yaani yuko nyuma ya mwenzake kwa siku 60 nzima.

Lakini hesabu hiyo ni ya udongo wenye unyevu na joto, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaoivunja dawa hasa ni vijidudu vya udongoni, navyo hufanya kazi penye maji. Katika Upare mvua za masika zikiisha, kuanzia Juni mpaka Septemba ardhi hukauka, na uwandani hukauka zaidi kuliko milimani. Udongo ukikauka vijidudu hulala, na dawa hulala pamoja navyo. Mtu aliyepulizia mwanzo wa Aprili, akipanda maharage mwanzo wa Novemba, atasema, “Miezi saba imepita.” Kalenda imehesabu siku zaidi ya 200. Udongo wake pengine umehesabu siku 90 tu za kazi. Kwa hesabu yetu ya mfano, siku 90 zaacha yapata gramu 350 katika zile 1,000, nazo huamka pamoja na mvua ile ile inayoziotesha mbegu.

Tabia ya udongo nayo ina neno lake. Udongo mchachu, kama ulivyo mara nyingi milimani penye mvua nyingi, huivunja atrazini upesi kuliko udongo wenye magadi au chokaa, ambao hupatikana mara nyingi katika nyanda kavu. Kwa upande mwingine, baridi ya milimani hupunguza kazi ya vijidudu. Mboji nyingi na udongo wa mfinyanzi huishika dawa ili mizizi isiipate kwa wingi. Kichanga hakina nguvu ya kuishika, kwa hiyo mizizi huinywa, au mvua kubwa huishusha chini. Tena imeonekana kwamba mahali dawa hii ilipotumiwa miaka mingi, vijidudu huzoea kuila, nayo hupotea upesi zaidi. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitangaza habari ya kijidudu cha namna hiyo, walichokipata katika jimbo la Minnesota pahali palipokuwa pamemwagika dawa za mashamba. Basi mtu wa Chome na mtu wa Makanya, na hata ndugu wawili wenye mashamba yaliyopakana, wakinunua chupa moja wakaigawana, hawatapata muda mmoja. Anayejua ni udongo wenyewe, na njia ya kuuliza udongo ipo. Tutaifikia baada ya kuzitaja dalili.

Atrazini haizuii mbegu kuota. Mbegu ya harage ina akiba yake ya chakula, nao mche hutoka ardhini ukiwa na afya. Akiba ikiisha, na majani ya kweli yakianza kufanya kazi, ndipo sumu huonekana. Manjano huanza pembeni mwa majani ya chini, yaliyo makubwa na ya zamani, kisha pembe hugeuka kahawia na kukauka. Tazama pia umbo la hasara shambani. Ikiwa miche imekufa kwa mistari mirefu, au zaidi pale mwisho wa mistari mpulizaji alipogeuka, au katika duara pale alipojazia bomba, hiyo ni alama ya mkono wa mtu na bomba lake. Ugonjwa hauendi kwa mistari iliyonyoka.

Walakini mtu asiilaumu dawa kabla ya kutazama mambo mengine. Harage lenye njaa ya mbolea ya naitrojeni hugeuka manjano jani zima, si pembeni peke yake. Tena yuko inzi mdogo wa maharage, ambaye funza wake huua miche mingi sana katika nchi yetu. Ng’oa mche uliofifia, ulipasue shina karibu na udongo kwa ukucha au kisu. Ukiona shina limevimba na kupasuka, na ndani mna funza au kifuko kidogo cha kahawia, huyo ndiye mwuaji, na dawa ya magugu haina hatia. Mizizi ikiwa imeoza na kuwa myeusi, hilo ni jambo jingine tena.

Sasa jaribio la udongo. Sisi walimu twalipenda kwa kuwa halihitaji chombo cha kununua, na shule yoyote yaweza kulifanya. Lianze majuma matano au sita kabla ya siku ya kupanda. Kwa maharage ya vuli yafaa kuanza Septemba. Chukua udongo wa juu wa shamba lile lililopuliziwa, kina cha sentimeta 10 hivi. Usichukue mahali pamoja. Chukua katikati ya shamba, na kando chukua mwisho wa mistari, na kando tena pale palipojaziwa bomba, wala usiuchanganye udongo wa mahali hapo tofauti. Kisha tafuta udongo wa namna ile ile usioguswa na dawa, labda chini ya ua au pembeni mwa nyumba. Jaza makopo yaliyotobolewa matundu chini, kila kopo na alama yake. Panda mbegu tano za maharage katika kila kopo, na zikiota ziache tatu zilizo sawa. Katika kopo moja la udongo unaoshukiwa panda mahindi.

Liko kopo moja zaidi ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo shahidi mkubwa. Twaa udongo unaoshukiwa, uuchanganye na mkaa uliopondwa ukawa unga, kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya chakula katika kopo, kisha panda maharage. Mkaa hunyonya dawa na kuishika. Ikiwa maharage yaungua katika udongo unaoshukiwa, na katika udongo ule ule wenye mkaa yana nafuu, na mahindi hayakudhurika, na yale ya udongo safi ni mazima, basi hapana haja ya kubishana tena.

Makopo yawekwe penye jua wazi. Hili si jambo dogo. Tumekwisha kusema kwamba sumu hii huharibu kazi ya nuru katika jani. Makopo yakifichwa kivulini au chumbani, miche huenda isionyeshe dalili, na mtu akadanganyika kwamba udongo ni salama. Yanyweshwe maji sawasawa. Yaangaliwe siku 21 baada ya kuota, wala mtu asiyatupe siku ya kumi kwa sababu yangali mazuri. Mwanafunzi mmoja aandike kila siku aonayo katika kila kopo. Makopo yaliyokuwa ya dawa yasitumiwe, na miche ya jaribio isiliwe.

Je, ikiwa jaribio limeonyesha sumu? Njia iliyo salama kuliko zote ni kupanda zao lisilodhurika. Katika shamba lile panda mahindi tena, au mtama ikiwa ni uwandani, na maharage yapelekwe katika shamba jingine ikiwa lipo. Najua wengine watasema hawana shamba jingine. Hao na watie samadi iliyooza vizuri au mboji kwa wingi, maana hiyo huishika dawa na kuwapa vijidudu nguvu. Walime kwa kina ili udongo wa juu uchanganyike na wa chini usio na dawa. Mteremkoni wafanye hivyo penye matuta tu, mvua isije ikauchukua udongo wote. Mwenye maji ya mfereji aloweshe shamba majuma kadhaa kabla ya kupanda, ili kazi iliyosimama wakati wa kiangazi ianze mapema. Kisha ajaribu tena kwa makopo. Chokaa asitie wakati huo, wala majivu mengi, kwa sababu uchachu ukipungua atrazini hukaa zaidi na kudhuru zaidi. Mkaa wa unga huponya kopo, lakini kuponya eka nzima kwa mkaa ni kukata miti mingi bure.

Kwa yule ambaye hupanda maharage ndani ya mahindi kwa wakati mmoja, hapana hesabu ya miezi wala kopo. Atrazini na maharage haviwezi kukaa pamoja katika tuta moja. Achague kimoja, na kwa maoni yetu, katika mashamba madogo ya Chome harage lina thamani kuliko dawa.

Wenzetu wa Kenya ya magharibi wana mfano mzuri wa jinsi kiasi kidogo kinavyotosha kudhuru. Huko mahindi hushambuliwa na kiduha, gugu linyonyalo mizizi, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mwaka 2005 ilianza kutolewa mbegu ya mahindi iitwayo Ua Kayongo, iliyopakwa dawa ya imazapiri. Mahindi hayo yameteuliwa ili yaivumilie dawa hiyo, na dawa huua kiduha pale pale mizizini. Ni akili nzuri, kwa kuwa dawa haimwagwi shamba zima. Lakini wakulima walionywa wanawe mikono baada ya kushika mbegu hizo kabla ya kushika mbegu nyingine, na wasitie maharage katika shimo moja na mahindi hayo. Vumbi la dawa lililobaki vidoleni hutosha kuharibu mbegu ya harage.

Na Uingereza mwaka 2008 sumu ilipita njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Malisho yalipuliziwa dawa iitwayo aminopiralidi, ambayo huua majani mapana na kuacha nyasi. Ng’ombe na farasi walikula nyasi zile wasidhurike, dawa ikapita tumboni mwao bila kuvunjika, ikatoka katika samadi. Watu wakatia samadi bustanini, na nyanya, viazi na maharage yakajikunja. Ruhusa ya kuuza dawa hiyo ilisimamishwa mwaka ule, ikarudishwa baadaye kwa masharti. Twataja habari hii kwa sababu watu wa Upare hufuga ng’ombe zizini na kuwaletea majani ya kukatwa. Anayenunua majani makavu au samadi kutoka mbali na aulize kama malisho yale yalipuliziwa. Asiyepata jibu na apande maharage matano katika kopo lenye samadi hiyo iliyochanganywa na udongo safi.

Neno la maji twalitaja kwa ufupi, lakini si dogo. Maji yatokayo msitu wa Chome hushuka mpaka kwa watu wa chini, na wengi huyakusanya katika ndiva, yaani mabwawa madogo ya asili ya Wapare, wayaachilie mashambani kwa zamu. Atrazini hutembea na maji. Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya mwaka 2004 uliamua kuiondoa, kwa kuwa ilionekana katika maji ya ardhini kupita kiasi walichoweka, nacho ni sehemu 1 katika sehemu 10,000,000,000. Mtu aoshaye bomba lake katika mfereji ampelekea mwenye bustani ya nyanya huko chini sumu asiyoinunua. Maji ya kuoshea bomba yapuliziwe katika shamba lile lile la mahindi, mbali na mfereji.

Kwa ununuzi, dawa za mimea katika Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, yenye makao yake Arusha. Chupa isiyo na karatasi, au dawa iliyopimwa katika chupa ya soda, isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nusu, maana katika karatasi ndimo yalimo mambo tuliyokuwa tukiyasema: jina la dawa yenyewe, kipimo chake, na muda wa kungoja kabla ya kupanda zao jingine. Karatasi ikiwa ya maneno magumu, bwana shamba au bibi shamba wa kata ataisoma.

Mwisho, wako watu wanaokodi mashamba, na hao ndio walio gizani kuliko wote, kwa kuwa hawakuwapo dawa ilipopuliziwa. Anayekodi kwa ajili ya maharage au mboga amwulize mwenye shamba, kabla ya kutoa fedha, ni dawa gani iliyotumiwa, mwezi gani, na kwa kipimo gani. Mwenye shamba naye awe na daftari. Mistari mitatu yatosha kwa kila msimu: jina lililo katika herufi ndogo, tarehe, na mabomba mangapi kwa shamba lote. Ikiwa hakuna daftari wala kumbukumbu, aombe ruhusa achukue udongo wa makopo manne, na mapatano ya fedha yangoje siku zile 21.